Kumsoma Winthrop, anza na barua
Ndugu yangu, umeuliza uanze na hotuba au shajara ya John Winthrop, gavana Mpuritani (Mprotestanti Mwingereza aliyetaka kulitakasa kanisa) wa koloni la Massachusetts Bay, Amerika. Mimi nakushauri uanze na barua zake kwa mkewe Margaret. Kabla hajasafiri kwenda huko kutoka Uingereza mwaka 1630 na kumwacha mkewe nyuma, waliahidiana kila Jumatatu na Ijumaa, saa 11 jioni, kila mmoja amkumbuke mwenzake mpaka watakapoonana. Hapo ndipo nilipompenda. Kisha ingia kwenye shajara, aliyoianza akiwa ndani ya meli Arbella. Usiiruke kesi ya 1637 ya Anne Hutchinson, mwanamke aliyeshtakiwa kwa mafundisho yake ya dini: Winthrop aliiongoza na yeye mwenyewe akamhoji, na ukali wake unauma hadi leo. Daftari la pili la shajara hiyo liliungua 1825, ila tunashukuru lilikuwa limeshanakiliwa.