Nyaraka za White House Fellows: ziko wapi, na zipi utafunguliwa

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama kuna hifadhi moja yenye nyaraka zote za programu ya White House Fellows, ile inayowapa Wamarekani waliochaguliwa mwaka mmoja wa kazi Ikulu ya Marekani na wizarani, kama unaweza kuliona faili la maombi la Colin Powell, jenerali aliyekuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na kama ombi la kisheria la kupata taarifa litakufungulia karatasi za enzi za Johnson, Nixon na Ford unazozitaka kwa tasnifu yako. Nimeshinda sana na nyaraka za programu hii kwa ajili ya utafiti wangu. Majibu ya haraka: hapana, usilitegemee, na inategemea karatasi hiyo ilitoka mezani kwa nani. Hilo la tatu ndilo lenye kazi, na waliokujibu kabla yangu wamelipita mbio.

Kwanza elewa kwa nini zimetawanyika. Wazo lilikuwa la John W. Gardner, aliyekuwa rais wa Carnegie Corporation, taasisi ya hisani ya New York. Rais Lyndon Johnson akalitangaza tarehe 3 Oktoba 1964, na kwa Amri ya Rais namba 11183 ikaundwa tume ya kusimamia uteuzi, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa David Rockefeller. Mwaka uliofuata kundi la kwanza la watu 15 likaingia kazini. Hesabu mikono iliyopita hapo: taasisi ya hisani, Ikulu, tume yenye watu wa nje ya serikali, mamlaka ya utumishi wa umma iliyosaidia mambo ya utawala, halafu wizara na ofisi zilizowapokea washiriki kwa mwaka mzima. Kila mkono ulikuwa na kabati lake, na makabati hayo hayakuhamia sehemu moja. Ukiandika jina la programu kwenye katalogi ya Nyaraka za Taifa za Marekani utapata vipande, na ukidhani hivyo ndivyo vyote vilivyopo utaandika tasnifu yenye mashimo.

Kwa hiyo usitafute programu, tafuta mwandishi wa karatasi. Chukua mfano wa Doris Kearns, ambaye baadaye wengi walimjua kama Doris Kearns Goodwin, mwanahistoria. Alichaguliwa mwaka 1967, na muda mfupi baadaye jarida la The New Republic likachapisha makala aliyoiandika na mwenzake kuhusu jinsi ya kumng'oa Johnson mwaka 1968. Ungetegemea afukuzwe. Johnson hakumfukuza. Alianzia Wizara ya Kazi, kisha akahamia Ikulu kwenyewe. Mtu mmoja, programu moja, lakini nyayo zake unazifuata sehemu mbili tofauti: kumbukumbu za jumla za Wizara ya Kazi, ambazo Nyaraka za Taifa wanaziita RG 174 (RG ni "Record Group", yaani kundi la kumbukumbu za ofisi moja), na mafaili makuu ya Ikulu yaliyoko Maktaba ya Rais Johnson, Austin, Texas. Powell naye, aliyekuwa mshiriki mwaka 1972 hadi 1973, alipangiwa Ofisi ya Usimamizi na Bajeti. Hiyo ni RG 51. Mamlaka ya zamani ya utumishi wa umma ni RG 146, na iliyoirithi ni RG 478. Kwa makundi haya ya kiserikali anzia jengo la Nyaraka za Taifa lililoko College Park, Maryland. Waandikie kwanza wakuambie sanduku gani liko wapi, maana si kila kitu cha kundi moja hukaa jengo moja.

Kwenye maktaba za marais, mafaili makuu ya Ikulu yamepangwa kwa mada zenye herufi za vifupisho: FG ni vyombo vya serikali, PE ni mambo ya watumishi. Wengi huomba FG peke yake, wakaridhika. Usiache Name File, yaani mafaili yaliyopangwa kwa majina ya watu. Huko mara nyingi hukuti barua yenyewe bali karatasi nyembamba inayokuelekeza barua ilikofunguliwa faili, na karatasi hiyo ndiyo itakayokutoa kwenye mada uliyoijua na kukupeleka kwenye mada usiyoifikiria. Mimi karibu kila kitu kizuri nilichokipata kilianza na karatasi za namna hiyo. Kwa Johnson kuna pia shajara yake ya kila siku, ambayo unaweza kuisoma mtandaoni bure, na mahojiano ya simulizi, la Gardner likiwemo. Hotuba ya kutangaza programu usiisafirie, imo kwenye mkusanyo wa hotuba za marais uliowekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara.

Sasa sheria. Hapa watu huchanganya mambo kweli kweli, kwa sababu wanadhani Sheria ya Uhuru wa Kupata Taarifa inafungua kila droo ya Washington. Karatasi za Ikulu za Johnson, za Ford na za Carter ziliwekwa kwenye maktaba kwa hati ya zawadi. Ni mali iliyotolewa kwa masharti ya mtoaji, na sheria hiyo haizigusi. Za Nixon zilitaifishwa kwa sheria maalumu ya mwaka 1974 baada ya kashfa ya Watergate iliyomwondoa madarakani, kwa hiyo zina utaratibu wao. Kuanzia Reagan, yaani tarehe 20 Januari 1981, ndipo ikaanza kutumika Sheria ya Kumbukumbu za Rais ya mwaka 1978: karatasi ni mali ya umma, unaweza kuziombea miaka mitano baada ya rais kuondoka, na rais anaweza kuzuia aina fulani za taarifa kwa miaka isiyozidi 12.

Lakini karatasi za wizara, za Ofisi ya Bajeti, au za mamlaka ya utumishi wa umma ni kumbukumbu za serikali tangu mwanzo, na Sheria ya Uhuru wa Kupata Taarifa inazihusu bila kujali rais alikuwa nani. Maana yake ni kwamba memo moja ya mwaka 1968 yenye nakala mbili inaweza kuwa chini ya kanuni mbili: nakala iliyobaki Ikulu unaipata kwa hisani ya hati ya zawadi, nakala iliyobaki wizarani unaidai kwa sheria. Ukinyimwa mlango mmoja, gonga wa pili. Na tangu marekebisho ya mwaka 2016, serikali haiwezi tena kuficha hati kwa kisingizio kwamba ni majadiliano ya ndani kabla ya uamuzi kama hati hiyo imefikisha miaka 25. Kwa kipindi chako hilo linakufaa sana. Barua yako ya maombi ikitaja kifungu hicho, afisa anajua hazungumzi na mgeni.

Linalobaki gumu ni faragha, na ndipo swali lako la Powell linapokwama. Faili la mwombaji lina barua za wadhamini, maoni ya wasaili, na uchunguzi wa historia yake uliofanywa na vyombo vya usalama. Kwa kumbukumbu za serikali, Nyaraka za Taifa kwa kawaida huzuia taarifa nyeti za mtu aliye hai zenye umri wa chini ya miaka 75. Powell alifariki mwaka 2021, kwa hiyo kwa upande wake zuio linalegea, na ukiomba ambatisha uthibitisho wa kifo. Ila wadhamini wake na wasaili wanaweza kuwa hai, na majina yao yatafutwa. Zaidi ya hayo, usitegemee kwamba faili lenyewe lilitunzwa. Fomu za maombi za kila mwaka ni aina ya makaratasi ambayo ofisi nyingi huruhusiwa kuyateketeza baada ya muda. Za waliokataliwa ndiyo zisahau kabisa. Kama hoja ya tasnifu yako inasimama juu ya kulinganisha waliochaguliwa na walioachwa, ningekushauri uibadilishe leo kabla hujalipa nauli.

Kilicho wazi, na kwa maoni yangu kina utamu kuliko fomu, ni karatasi za kupanga nani aende kwa nani. Mtazame Powell huyohuyo. Alipofika Ofisi ya Bajeti mkurugenzi alikuwa Caspar Weinberger, na naibu wake Frank Carlucci. Katika miaka ya 1980 Weinberger akiwa Waziri wa Ulinzi, Powell alikuwa msaidizi wake wa kijeshi. Carlucci alipokuwa mshauri wa usalama wa taifa, Powell akawa naibu wake, kisha akamrithi. Programu inajitangaza kuwa shule ya uongozi. Ukisoma mgawanyo wa nafasi mwaka hadi mwaka unaona pia kitu kingine: mashine ya kukutanisha watu. Swali la "nani alikaa meza moja na nani" linajibika kwa ratiba, orodha za semina, memo za mgawanyo na taarifa za mwaka, na hakuna afisa wa faragha atakayekuzuia kuona ratiba. Wakosoaji wako wa chuo watakuuliza uthibitisho kwamba ujuano ndio uliozaa vyeo. Huo hutaupata kwenye boksi, ila utapata mwanzo wa uzi.

Usisahau makabati ya nje ya serikali. Karatasi za Gardner ziko Chuo Kikuu cha Stanford, na kumbukumbu za Carnegie Corporation ziko Chuo Kikuu cha Columbia. Kule hakuna sheria ya kukusaidia, ni masharti ya mwenye mali tu, lakini mawazo ya mwanzo kabla Ikulu haijayanyoosha utayakuta huko.

Chumba cha kusomea hakina maajabu: penseli tu, kabrasha moja mezani kwa wakati mmoja, kamera bila mwanga. Piga picha ya lebo ya boksi na ya kabrasha kabla ya ukurasa wa kwanza. Ukikuta karatasi inayosema hati fulani imeondolewa, ipige picha nayo, kwa sababu inataja tarehe, aina ya hati na sababu ya kuondolewa, na hayo ndiyo utakayoyaandika ukiomba ikaguliwe upya. Hifadhi moja, sitaitaja, ilinijibu baada ya kimya kirefu kwamba haina chochote. Nilipotuma ombi lilelile likiwa na namba ya mfululizo na jina la kabrasha, zikapatikana. Kwa hiyo nenda na namba.

Kuhusu nauli, wakfu wa Maktaba ya Johnson na ule wa Ford, ambayo nyaraka zake ziko Ann Arbor, Michigan, hutoa ruzuku za kusafiri kwa watafiti. Wanataka uonyeshe ni mikusanyo ipi utaisoma, kwa hiyo zungumza na mtunza nyaraka kabla ya kujaza fomu. Ukishapata orodha ya maboksi kutoka Austin iweke hapa, nikuambie yepi nimeshayapitia.