Kifua kuchoma baada ya kumeza doksisaiklini

Dada uliyeuliza kama uache doksisaiklini, ile antibiotiki ya kupambana na bakteria, kwa sababu kifua kinakuchoma tangu jana: usiiache kimyakimya, wala usivumilie tu. Rudi kwa aliyekuandikia leo hii. Mimi yalinipata.

Naendesha matatu, Likoni kwenda Ukunda. Niliandikiwa dawa hiyo hiyo kwa maambukizi ya kifua. Usiku nimechoka, nikameza kidonge kwa funda la mwisho la kahawa chungu, nikalala. Alfajiri niliamka kama nimemeza kaa la moto, hapa katikati ya kifua, hata mate kuyameza ilikuwa shida. Kidonge hakikufika tumboni. Kilikwama njiani, kikayeyukia pale pale, na dawa hii ina asidi.

Nikadhani ni kiungulia. Nikanunua dawa ya kiungulia, nikawa nazinywa zote mbili kwa pamoja. Kumbe magnesi na alumini zilizomo hushikana na doksisaiklini tumboni, ikawa haiingii damuni inavyotakiwa. Maziwa nayo huipunguza nguvu.

Aliyenifumbua macho ni mfamasia mmoja wa mtaani. Alinichorea nyuma ya pakiti: bakteria ana viwanda vidogo vya kutengeneza protini, dawa inaingia humo na kusimamisha kazi. Mdudu hawezi kuzaana, kinga ya mwili inammaliza. Viwanda vyetu sisi vimeumbwa vingine, ndiyo maana haivigusi kwa kiasi hicho. Virusi havina kiwanda cha kwao, kwa hiyo mafua hayaponi kwa dawa hii hata umeze pakiti nzima. Na dawa ikipungua damuni, viwanda vinaanza kazi tena. Bakteria wema wa tumboni nao huumia, hapo ndipo watu huharisha.

Jua nalo! Siku ya nne, kwenye foleni ya feri, mkono wangu wa kulia, ule wa dirishani, uliiva mwekundu ukatoka malengelenge. Wa kushoto salama. Vaa mikono mirefu.

Kama una mimba, mwambie daktari kabla ya kumeza kidonge kingine. Ukiona midomo au uso unavimba, pumzi inabana, ngozi inachubuka au unaharisha damu, hapo ni hospitali moja kwa moja, usingoje asubuhi.

Daktari akikuambia uendelee, meza ukiwa umekaa, kwa glasi nzima ya maji, na usilale kabla ya nusu saa kupita. Mimi nilihamishia dozi ya usiku baada ya Magharibi.