Shika, shuka, shusha: kwenye kusi yote ni "shaa"

Mleta mada, usiende. Au nenda, lakini nisome kwanza. Pale ulipoandika kwamba Jumamosi moja ya mwezi wa saba unampeleka mdogo wako kupanda majabali ya Mtende, huku kusini Unguja, na kwamba "upepo si tatizo, tutaitana tu", nimeweka kikombe cha chai chini. Maneno hayo niliambiwa na mimi, Mtende hiyo hiyo, Julai, upepo wa kusi umepamba moto. Yamenigharimu mkono. Si wangu. Ni wa mtoto wa shangazi yangu, na yeye kazi yake ni kuchonga milango.

Aliyetutia mkenge simtaji. Alisoma Uingereza, akajifunza kupanda kule Stanage, karibu na Sheffield. Akarudi na kamba, mikanda ya kiunoni na karabina, zile pete za chuma za kunasia kamba, zinazong'aa kama vipuli vya bibi harusi. Kila tukimuuliza habari ya upepo anacheka. Kule, anasema, majabali yako juu nyikani, hakuna hata mti wa kukukinga, upepo unavuma na watu wanapanda. Tena wanaupenda, maana mikono haitoki jasho na lile jiwe la mchanga linashika kama msasa. Hayo ni kweli, sibishani naye. Lakini Stanage hakuna bahari chini. Ukishindwa unakaa kwenye majani unamngoja mwenzio, na mwenzio ukiinua kichwa unamwona. Hapa kwetu ni jiwe la matumbawe, mawimbi yamelila kwa chini likabonyea ndani kama shavu la mzee asiye na meno. Mtu akishapita ule mdomo akiteremka, humwoni tena. Huyu bwana alikuja na elimu ya nyikani akaipeleka baharini, na sisi tukamfuata kama mbuzi.

Basi. Saa nne asubuhi, bamvua, zile siku bahari inapojaa na kutoka kupita kawaida, maji yametoka mbali. Kamba ikafungwa kwenye mti huko juu. Mimi nikapewa kazi ya kuishika, nikakaa hatua kama sita nyuma ya ukingo kwa sababu ukingo wenyewe ni wembe mtupu. Binamu akateremka salama, akatembea mchangani, akapiga picha, akaanza kupanda kurudi. Mwanzo kamba ilinijia taratibu nami naivuta. Mara ikasimama. Nikangoja. Upepo unanipiga usoni, shati linapepea kama tanga. Nikasikia:

"Sh...a! Sh...a!"

Alikuwa anasema "shika". Kidole kimechanika, anataka nikaze kamba apumzike. Mimi nikasikia "shusha". Upepo ulikula ile i na ile k, ukaniachia sh na a, na bahari yenyewe pale chini mchana kutwa haina neno jingine, ni "shaa" na "shaa". Lugha yetu tamu, lakini aliyepanga shika, shuka na shusha zikae karibu hivi hakuwa na ndugu anayening'inia kwenye kamba.

Nikalegeza. Na nililegeza kwa upole, kwa mapenzi, kama mtu anayemshusha mtoto kitandani. Yeye chini akajilaza nyuma kwa imani kwamba kamba imekaza, asikute kitu. Akaanguka kiasi cha kamba niliyokwisha kumpa, akabembea, akaupiga ukuta kwa mkono wa kulia. Unalijua jiwe letu, kulitembelea pekupeku tu ni kisa. Na mimi huko juu, nilipohisi uzito umeingia kwenye kamba, unajua nilifikiri nini? Nilifikiri: ewaa, sasa anashuka vizuri. Nikaendelea kumshusha! Mtu amevunjika kifundo cha mkono, anapiga kelele "shika, shika", na mimi kila nikisikia naongeza kamba. Mpaka akafika mchangani. Nikajipongeza, wallahi.

Na mtaalamu wetu? Pembeni, anarekodi video. Baadaye ananiambia, "Kwani hamkukubaliana ishara?" Yakhe! Kama kuna kitu kinaitwa ishara, wewe uliyesoma ndiye wa kutuambia, tena kabla. Kule kwao, kumbe, hilo ni jambo la kawaida kabisa, kuvutana kamba pale upepo unapomeza sauti. Alikuwa analijua siku zote. Alituonyesha namna ya kupiga fundo kwa nusu saa, akasahau namna ya kusikilizana.

Hayajaisha. Bamvua ikitoka saa nne, ujue saa sita maji yanarudi kwa mbio na saa kumi yamejaa. Mpaka tumefahamu kilichotokea, tumepiga kelele zisizosikika, nimezunguka kwa njia ya ufukweni na kumfikia, maji yalikuwa yanatupiga kiunoni. Nilimtoa amenikumbatia shingo kwa mkono mzima, kila wimbi linamtupa kwenye mwamba. Kamba tulipoivuta ilikuwa imechanika gamba la nje pale ilipolala ukingoni, nyuzi nyeupe za ndani zinatutazama. Hakuna aliyetia hata gunia chini yake.

Plasta wiki sita. Halafu miezi hakuweza kukamata patasi sawasawa. Alikuwa na mlango wa watu mkononi, nakshi imefika nusu, arubuni imeshaliwa. Mlango ukaenda kwa fundi mwingine na arubuni nikairudisha mimi. Shangazi mpaka leo nikienda ananipa chai isiyo na sukari, na mimi sina kisukari.

Kwa hiyo nisikilize. Kabla mguu wa mtu haujaacha mchanga, mkubaliane kwa kamba, si kwa mdomo. Mvuto mmoja: kaza. Miwili: legeza. Mitatu: shusha. Mjaribu mkiwa hapo hapo, mmoja juu mmoja chini, mpaka kila mmoja amepokea mivuto yote mitatu bila kubahatisha. Kama kamba inasugua mno ukingoni na mivuto haifiki, hamna ishara, rudini nyumbani, au mtu wa tatu ajifunge vizuri akae pale anapowaona wote wawili na awapungie mikono. Na ukisikia sauti yoyote usiyoielewa, kaza. Hata kama unadhani umeielewa, kaza. Aliyekazwa kwa makosa atakutukana, na matusi hayahitaji plasta.

Kuna mdau hapo juu kasema mtumie simu. Mkono gani huo utakaoshika simu?

Hilo la kutoboa jabali mkafunge vyuma vya kudumu, acha. Thailand waliweka chuma cha pua, kile kinachosifiwa hakishiki kutu, kwenye majabali ya pwani, kikaliwa na chumvi kikapasuka kwa ndani huku nje kinaonekana kizima, ikabidi wahamie titani. Wewe unataka kununua nati dukani Darajani.

Uliuliza na jambo la viatu, na sijui jambo gani jingine, la kibali nadhani. Viatu vaa vyovyote vyenye soli ngumu. Mengine wenzangu watakujibu. Mimi nimefungua kalenda ya mwezi: Jumamosi uliyoitaja ni bamvua.

Na huyo mdogo wako anaitwa nani? Kama ni Shaabani, mtafutie jina jingine kwa siku hiyo.