Gunia likifika Mbezi, nani yuko stendi?

Mwanangu mpenzi,

Ile sauti uliyonitumia juzi usiku nimeirudia asubuhi, maana mjukuu wangu alikuwa analia nyuma yako nikawa naambulia nusu nusu. Kumbe unasema nyinyi majirani saba wa Goba mmempata mkulima wa Lukozi kule Lushoto, yuko tayari kuwatumia viazi na mboga kwa basi kila wiki mpaka Stendi ya Magufuli pale Mbezi, na mtakuwa mnakwenda kupokea kwa zamu. Ukaniuliza sisi Tabata tuliwezaje miaka yote ile bila kugombana. Mwanangu, nani kakwambia hatukugombana?

Wewe ulikuwa mdogo, unachokumbuka ni kukaa juu ya viazi ukitafuna karoti mbichi. Stendi ilikuwa bado Ubungo. Mjomba wako alikuwa anatupakilia magunia mawili kila Alhamisi alfajiri, basi linashuka na kona zake za Soni mpaka Mombo, jioni liko Ubungo. Viazi, kabichi, karoti, na hoho kidogo. Tulikuwa nyumba sita. Kilichotuanzisha si ushirika wala nini, ni hasira tu: fungu la viazi vitano pale gengeni lilikuwa kwa bei ambayo mjomba wako akiisikia anacheka mpaka anakohoa.

Sasa huo ugomvi. Zamu ilikuwa ya jirani wa nyumba ya kona, na magunia yote mawili yameandikwa jina lake na namba yake kwa maka peni. Asubuhi ile akapata msiba Kilosa, akaondoka, na simu ikaishiwa chaji njiani. Mimi nilimwona kwa macho yangu akifunga mlango. Nikampa pole, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi kufua. Haikunijia kabisa kichwani kwamba leo ni Alhamisi. Jioni konda kapiga simu haipatikani, akashusha mzigo ofisini akaendelea na safari zake. Ijumaa tunakwenda, kijana wa mizigo hataki kutoa: jina si lenu, namba si yenu. Jumamosi mchana ndiyo tukapewa. Nilipotia mkono kwenye gunia la kabichi nikakuta joto kama paji la mtoto mwenye homa. Za katikati zimelainika, majani yanateleza vidoleni, na maji meusi yanachuruzika mpaka kwenye bajaji ya watu.

Kila mtu akataka pesa yake. Kwa nani? Aliyefiwa? Mjomba wako? Au mimi niliyejua na nikanyamaza? Tulilipa mimi na yule jirani, nusu kwa nusu, na baada ya hapo hatukuombana hata chumvi mpaka Ramadhani.

Kwa hiyo nyinyi mnaongea habari za bei na aina ya mboga, mimi nakuuliza: gunia likifika Mbezi na mwenye zamu hayupo, nani anakwenda? Hilo mlimalize kabla ya kutuma hata shilingi. Kila zamu iwe na watu wawili, na gunia liandikwe namba za wote wawili. Namba moja ni namba ya kuzimika.

Pesa ikusanywe kabla mkulima hajang'oa karoti. Chagueni kijumbe mmoja kama mnavyofanya kwenye mchezo wa kupeana pesa, ambaye hana haya. Asiyetuma mpaka Jumanne usiku, wiki hiyo hayumo, hata akiwa wifi yako. Na wewe nakujua, usijifanye kumlipia mtu kwa "nitakurudishia kesho". Kwenye hesabu hiyo hiyo iingie nauli ya gunia, pesa ya kuli na ya bajaji kutoka stendi. Nyinyi vijana mnaona aibu kudai nauli, mnalipa kimya kimya mara mbili, mara ya tatu mtu anaanza kuumwa kichwa kila zamu yake ikifika.

Mkulima akikuuliza gunia la namna gani, mwambie kilo. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini hata hizo 100 nani atazibeba? Aweke kwenye viroba vya kilo 50, watu wawili mnaweza kuvitia kwenye buti. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo, inampendeza mnunuzi, najua, na kuna jirani yenu atakayeidai. Anayeibiwa pale ni mkulima, naye si mjinga: atajaza viazi vya kuchezea gololi katikati na vikubwa atapanga juu.

Halafu karoti asizioshe. Sokoni huoshwa zing'ae, lakini zikifungwa na majimaji na kusafiri kutwa nzima, mnapokea utelezi. Zije na udongo wake. Kabichi azikate akiziachia majani mawili matatu ya nje, azitie kwenye gunia la neti zipumue. Njegere zikija kwenye maganda zisikae chini ya viazi, zinachemka.

Kugawa ni kazi ya dakika ishirini mkiwa na turubai na mzani wa kuning'iniza. Mwagieni kila kitu chini, msigawe kutoka mdomoni mwa gunia. Viazi kwa kilo. Kabichi hazijawahi kugawanyika kwa haki tangu dunia iumbwe, pangeni mafungu saba kwa macho, na aliyepanga achukue la mwisho. Utashangaa atakavyokuwa makini.

Masika yakikolea, ule mlima wa kupanda Lushoto hubomoka, mawe yanajaa barabarani na basi linalala njiani. Wiki hizo msitume pesa. Nendeni Mabibo mkanunue kama watu wengine, mkulima wenu hatakasirika, anaijua njia yake kuliko nyinyi.

Na mkifika watu saba inatosha. Wa nane aanzishe lake, mwonyesheni tu njia.

Miguu yangu haijambo, ngazi ndizo bado zinanisumbua. Mjomba wako anasema mwaka huu miti ya matunda damu imebeba vizuri. Mkulima wenu akianza kuyatuma, nihesabu na mimi kilo tatu. Pesa nitakutumia Jumanne kabla ya magharibi. Usinilipie.

Mama yako,
Tabata