Weikibodi ipi itavumilia kebo na reli?

SWALI: Habari ya kazi, fundi. Sisi ni kikundi cha vijana karibu na Jinja. Tumepata mashine ya kebo ya minara miwili, ile inayomvuta mtu akiwa amesimama juu ya ubao majini, tumeifunga kwenye maji yaliyotulia, na fundi wa mjini ametutengenezea reli mbili za kupanda na kuteleza juu yake kwa ubao: moja ya bomba la chuma, nyingine ya bomba la PVC. Weikibodi (huo ubao) yangu ya kwanza imepasuka upande wa chini kabla hata sijazoea. Sasa kuna mtu anauza mbili zilizotumika Ulaya. Moja ni nyepesi, inang'aa juu na chini, na ina mapezi, yale mabawa madogo ya chini. Nyingine ni nzito kidogo, ndani ina mbao, na chini imechubuka-chubuka. Ya kwanza inapendeza zaidi. Nina kilo 78. Nichukue ipi? Na hiyo mbao haitaoza?

JIBU: Chukua iliyochubuka, ila usitoe hela kabla hujaikagua kama nitakavyoeleza. Ile inayong'aa ni bodi ya boti, yaani ya kuvutwa nyuma ya boti, na nadhani hata iliyokupasukia ilikuwa ya ukoo huohuo.

Bodi ya boti kwa kawaida ndani ina povu gumu lililofunikwa na tabaka jembamba la fibaglasi, kisha ikapakwa rangi ya kung'aa. Imeundwa kurushwa na wimbi la boti na kutua majini, ambako uzito wako unasambaa bodi nzima. Kwenye reli mambo ni mengine: kilo zako zote 78, pamoja na kishindo cha kutua, zinakalia mstari usiozidi upana wa vidole viwili vitatu, tena katikati ya miguu. Povu linabonyea hapo, fibaglasi inakosa cha kuegemea, inapata ufa, maji yanaingia. Ndiyo maana viwanda vingi havikubali kulipia bodi ya boti iliyoharibikia kwenye reli. Mapezi nayo yatakuponza, kwa sababu yakikwama kwenye kona ya reli bodi inasimama na wewe unaendelea.

Bodi ya kebo, ambayo nadhani ndiyo hiyo iliyochubuka, chini yake imebandikwa plastiki ya polietilini. Ni ukoo mmoja na jerikeni la manjano, lakini molekuli zake ni ndefu mno, hivyo inateleza vizuri na haisagiki upesi. Iko ya aina mbili. Moja huyeyushwa ikasukumwa kuwa karatasi. Ni rahisi kutengeneza lakini laini zaidi. Nyingine ni unga uliokandamizwa kwa joto na shinikizo hadi ukashikana, na hiyo ndiyo ya kudumu. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Muulize muuzaji jina kamili la bodi na mwaka wake, halafu usome maelezo ya kiwanda. Ukikuta neno “sintered”, ni hiyo ya pili.

Sasa ukaguzi. Michubuko isikutishe, bodi ya reli isiyo na mchubuko haijapanda reli. Unachotafuta ni mkato uliozama hadi ukaonyesha nyuzi za fibaglasi au mbao. Pitisha ukucha wa kidole gumba pembeni, bodi nzima, pale plastiki ya chini inapokutana na ukingo. Ukucha ukiingia, bodi imeanza kuachana. Kisha chukua sarafu uigonge-gonge, ukianzia kati ya miguu kwenda kwenye ncha. Mlio unatakiwa uwe mkavu na wa namna moja. Mahali unapogeuka kuwa mzito au wa uwazi, tabaka zimeachana ndani, na hapo mrudishie mwenyewe. Mwisho iweke juu ya matofali mawili, moja kila ncha, uikandamize katikati kwa mikono. Inapaswa kunepa na kurudi bila kulia. Ikitoa mlio wa kuvunjika, hata mdogo, iache.

Kuhusu ukingo, nyingine zina plastiki ngumu ya ABS na nyingine zina urithani inayofanana na mpira mgumu. Napendelea urithani, kwa sababu ABS ikigonga chuma huweza kupasuka, wakati urithani hubonyea ikarudi. Lakini kwa bodi mbili zilizo mbele yako, usiache ya mbao kwa sababu hiyo peke yake.

Mbao haiozi ikiwa imefungwa vizuri. Nyingi hutumia mbao ya mti uitwao paulonia kwa wepesi wake, pengine ikichanganywa na vipande vya mti mgumu zaidi. Hatari yake ni maji kuingia kupitia mkato usiozibwa: mbao inavimba, na uvimbe ndio unaosukuma tabaka ziachane. Ukiona mkato uliofika kwenye mbao, acha kuitumia siku hiyohiyo. Ikaushe kivulini siku kadhaa, usiianike juani, kisha uzibe kwa epoksi ya kuchanganya sehemu mbili. Gundi ya haraka ya dukani huganda kama kioo na itapasuka bodi ikinepa. Na plastiki ya chini haishiki gundi kirahisi. Mikwaruzo mirefu hujazwa kwa kuyeyusha kijiti cha polietilini, kile wanachotumia watu wa ski, wanaoteleza kwenye theluji, halafu unakwangua kiwe sawa.

Kwa kilo zako tafuta urefu wa sentimita 140 hadi 144. Kama ina mapezi, yafungue uyaweke kando, kingo zitakutosha.

Lakini wasiwasi wangu mkubwa uko kwenye reli zenu, maana hata bodi nzuri itachanwa na reli mbaya. Chukua soksi ya nailoni iliyochakaa, ivae mkononi, uiburute juu ya bomba la chuma kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila inaponasa pana uvimbe wa kuchomelea, tone la chuma au kutu. Weka alama ya chaki, urudishe kwa fundi apitishe grainda kisha msasa, hadi soksi ipite bila kunasa. Ncha za bomba zizibwe na kuviringwa. Bomba la PVC lina shida yake: jua la huku huligeuza kuwa kavu, na likivunjika linatoa meno makali. Lichunguzeni mara kwa mara, na vichwa vya skrubu vizame ndani kabisa. Mkipata bomba nene la polietilini, lile jeusi la maji, ni bora kuliko yote mawili; reli na vikwazo vingine kwenye viwanja vingi vya michezo ya kebo hufunikwa kwa plastiki ya jamii hiyo. Na kabla ya kupanda, mwagieni reli maji. Chuma kilichokauka juani saa saba mchana huongeza msuguano na kumega plastiki haraka. (Kofia ngumu ni lazima, na pimeni kina pande zote mbili za reli. Hilo halihusu bodi, lakini siwezi kulipita.)

Bodi isikae juu ya paa la gari wala ndani ya gari lililofungwa juani. Joto hudhoofisha gundi ya tabaka.

Viatu vya bodi huuzwa mbali na bodi, kwa hiyo uliza kama vimo kwenye bei. Bolti kwa kawaida ni za M6. Zifunge kwa mkono, kila moja na washa yake, bila dirili ya umeme, maana nati zimezikwa ndani ya bodi na ukizing'oa ni kazi kubwa kuzirudisha. Bolti ikiwa ndefu kupita kiasi itasukuma plastiki ya chini kutoka ndani, nawe utaona kivimbe kidogo chini ya mguu. Ukikiona, badilisha bolti kabla ya kupanda reli.