Mzigo ukija nusu, naandika wapi?

Hati ya mahitaji, yaani maelezo ya kila kitu ambacho mfumo utatakiwa kufanya, ilikuwa na kurasa 140. Najua idadi kwa sababu kila ukurasa ulitakiwa kusainiwa, na mimi na mwakilishi wa mteja tulishinda mchana kutwa tukisaini. Ulikuwa mfumo wa kompyuta wa ghala: mizigo inaingia, inatoka, ripoti inakwenda kwa meneja. Miezi minne tulikusanya mahitaji, miezi saba tukajifungia kutengeneza. Siku ya makabidhiano akaitwa mtunza ghala, mama wa makamo ambaye kwa miezi yote 11 hakuna aliyekuwa amemuuliza neno. Akashika kipanya, akafungua fomu ya kupokea mzigo, akaitazama kwa muda. Kisha akanigeukia.

“Mwanangu, mzigo ukija nusu, naandika wapi?”

Hapakuwa na pa kuandika. Hati ilisema mzigo utapokelewa “kulingana na oda”, nasi tukaifuata kama ilivyo: oda ya katoni 200 ama zimefika zote 200, ama hakuna kilichofika. Mama yule akanieleza kwa upole kwamba mizigo mingi huja kwa awamu mbili au tatu. Sharti letu tulikuwa tumelifuma kila mahali, kwenye hifadhidata, kwenye ankara, kwenye ripoti za mwezi. Kulifumua kulitula wiki kumi bila malipo. Nilipomwonyesha mteja saini yake, alinijibu kwamba saini haipokei mzigo. Nilikasirika wakati ule. Leo naona alikuwa na haki.

Huo ndio mtindo wa zamani wa kutengeneza programu, unaoitwa maporomoko ya maji: mahitaji, usanifu, utengenezaji, majaribio, makabidhiano, kila hatua ikimwagikia inayofuata na maji hayarudi juu. Mara nyingi asili yake hutajwa kuwa makala ya mhandisi wa Marekani, Winston Royce, ya mwaka 1970. Cha kuchekesha ni kwamba Royce mwenyewe alichora mtiririko huo kisha akaonya kwamba ukifuatwa hivyo hivyo ni wa hatari na unakaribisha kushindwa, kwa sababu majaribio yanakuja mwishoni kabisa. Inaelekea wengi walitazama mchoro wakaacha maelezo. Miaka 31 baadaye, Februari 2001, watengenezaji programu 17 walikutana Snowbird, katika milima ya Utah, wakaandika ilani fupi iliyozipa jina moja mbinu kadhaa ambazo tayari zilikuwa zikitumika: ajaili (kwa Kiingereza, agile), yaani kutengeneza kidogo kidogo na kumwonyesha mtumiaji kila kipande.

Ajaili huuzwa kama dawa ya kasi. Bosi anasikia “sprinti”, jina la vipindi vifupi vya kazi ambavyo kila kimoja huisha na kitu cha kuonyesha, anadhani watu watakimbia. Mimi sijaona timu inayoandika msimbo haraka zaidi kwa sababu imebadili mbinu. Nilichokiona ni kwamba kosa linaonekana likiwa bado changa, kabla halijaota mizizi. Swali la yule mama lingekuja wiki ya pili badala ya mwezi wa 11, jibu lake lingekuwa kazi ya mchana mmoja.

Mradi uliofuata ulikuwa wa ghala pia, kwa mteja mwingine, na safari hii tulikubaliana kufanya kazi kwa sprinti za wiki mbili. Sprinti ya kwanza ilikuwa na kitu kimoja tu, ukurasa wa kupokea mzigo. Hakuna ripoti, hakuna ankara, hata rangi za kampuni hazikuwepo. Ijumaa ya pili tukaupeleka ghalani kwenye kishikwambi, tukampa kijana anayepakua. Akajaribu kubonyeza, hakikutokea kitu. Akabonyeza tena kwa nguvu. Ndipo tukaona: alikuwa amevaa glavu, na vitufe vyetu vilikuwa vidogo kama punje. Ofisini tulikuwa tumevijaribu kwa vidole vitupu, tena tumekaa kwenye viti.

Hakuna hati ambayo ingeniambia habari ya glavu. Wenyewe wamezizoea kiasi kwamba hawazioni, na mtu hawezi kukutajia asichokiona. Tulivikuza vitufe Jumatatu, kabla ya saa sita mchana kazi ilikuwa imekwisha.

Faida ya pili sikuitegemea: mambo tuliyoacha kutengeneza. Meneja wa mteja huyu alikuja na orodha ya ripoti 23. Tulimwomba azipange kwa umuhimu, kisha tukawa tunatengeneza moja au mbili kila sprinti kuanzia juu. Zilipofika tisa akasema inatosha, fedha iliyobaki iende kwenye kusoma misimbomilia, ile mistari myeusi inayochapwa kwenye bidhaa. Kwa mtindo wa zamani tungetengeneza zote 23, kwa sababu zimesainiwa, na ripoti 14 zingelala humo bila mtu wa kuzifungua.

Usidhani ni mambo ya timu ndogo kama yangu. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilianza mapema miaka ya 2000 kujenga mfumo wa kuendesha majalada ya kesi. Hati yake ya mahitaji ilizidi kurasa 800. Mwaka 2005 mradi ukatupwa baada ya kula takriban dola milioni 170. Mradi uliofuata, Sentinel, nao ulianza kwa hatua ndefu ukachelewa, mpaka mwaka 2010 shirika likauchukua mikononi mwake na kuuendesha kwa sprinti za wiki mbili. Mwaka 2012 maofisa walikuwa wanautumia.

Sasa ushauri, kwa anayetaka kuhama. Anza na mkataba, maana hapo ndipo wengi hukwama. Ukisaini bei moja kwa orodha isiyobadilika halafu ukasema unafanya ajaili, umejifunga kamba mwenyewe. Mimi huuza muda wa timu: sprinti sita kwa bei fulani, mteja anaamua kila baada ya wiki mbili nini kitangulie, na ana ruhusa ya kusimamisha. Wateja huogopa mwanzoni. Wakishaona kitu kinachofanya kazi wiki ya pili, woga hupungua.

Kikao kifupi cha kila asubuhi, ambacho timu hukifanya ikiwa imesimama, kisizidi dakika 15, na msimamizi asikigeuze kuwa mahakama. Niliwahi kukaa kwenye kimoja cha dakika 50, kila mtu akijitetea mbele ya bosi. Kile hakikuwa na ajaili yoyote ndani yake, kilikuwa kikao cha zamani kilichofanywa watu wakiwa wamesimama. Na kubalianeni mapema “imekamilika” maana yake nini. Kwetu kazi haijakamilika mpaka imejaribiwa na mtu ambaye hakuiandika.

Jambo moja linaniudhi: wanaotumia neno hili kama ruhusa ya kutoandika chochote. Ilani ya 2001 inaweka programu inayofanya kazi mbele ya nyaraka nyingi, haijasema nyaraka zitupwe. Sisi tuliacha kuandika sababu za maamuzi yetu kwenye mradi mmoja, msanidi aliyeyafanya akahama, tukabaki kubahatisha kama wapiga ramli.

Na mtindo wa zamani una pake. Daraja halijengwi kwa sprinti, huwezi kumwambia dereva apite kwenye nusu ya kwanza atupe maoni. Programu ya kifaa cha kitabibu kinachohitaji idhini ya mamlaka itadai nyaraka nzito utake usitake. Lakini pale ambapo kubadili ni rahisi na mahitaji hayajulikani vizuri, yaani karibu kila mfumo wa ofisi niliowahi kuugusa, sirudi nyuma.

Yule mama wa ghala la kwanza nilimpigia simu tulipoanza mradi wa pili, nikamwomba anisaidie kujua nianze kuuliza nini. Alicheka kwanza. Kisha akaniuliza kama huko ninakokwenda mizigo inayorudishwa huwa inapita mlango uleule wa kuingilia.

Sikuwa nimefikiria. Niliiandika kwenye kadi, nikaibandika juu kabisa ya ubao wetu wa kazi.