Kadi ya kidijitali: tazama simu ya mteja kabla ya yako

Kazi yangu ni kuuza na kufunga pampu za maji za sola. Makao ni Kisumu, wateja ni kuanzia Nyando hadi Luanda na Busia. Katika wiki moja naweza kuongea na afisa wa shirika huko Milimani mwenye iPhone, mwalimu mkuu mwenye Tecno iliyopasuka kioo, na mkulima wa nyanya wa Ahero mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, ambayo hataki kuibadilisha kwa sababu inakaa na chaji. Nikimaliza maelezo, wote watatu huniuliza swali lile lile: "Sasa fundi, nitakupataje?"

Ndiyo maana mtu akitaka nimshauri anunue kadi gani ya kidijitali, yaani ile ya kumpa mteja namba na maelezo yako kupitia simu yake, simtajii kampuni. Namuuliza wateja wake wanabeba simu gani. Muuzaji wa kadi atakuonyesha maajabu kwa simu yake mwenyewe, mpya, ndani ya chumba chenye waifai. Wewe utaitumia sokoni Kibuye saa saba mchana, jua likiwaka.

Tuanze na ile inayovutia macho: kadi ya plastiki au chuma ambayo unaigusisha tu kwenye simu ya mwenzako na ukurasa wako unafunguka. Hiyo inatumia NFC, mawimbi yanayofika sentimita chache. iPhone kuanzia XS na XR za mwaka 2018 huisoma bila kufungua programu yoyote. Kwa Android mambo si rahisi hivyo. Simu nyingi za bei nafuu hazina NFC kabisa, na zilizo nayo mara nyingi imezimwa. Hapo utajikuta unamwelekeza mtu mzima, mbele ya wenzake, aingie kwenye mipangilio ya simu yake, ashuke chini, arudi juu. Naona ni kumkosea heshima. Mzee alikuja kuuliza bei ya pampu, hakuja kufundishwa simu.

Kama bado unaitaka, na kwa mikutano ya hotelini inafaa, basi nunua kadi tupu uiandike mwenyewe. Chipu ya NTAG213 ina nafasi ya baiti 144, inayotosha kiungo kimoja, na hicho ndicho unachohitaji. Programu ya NFC Tools kwenye Android itakuandikia. Ukimaliza, ifunge isiandikwe tena, la sivyo yeyote mwenye simu ya NFC anaweza kufuta kiungo chako na kuweka chake. Kadi ya chuma inapendeza mkononi, lakini chuma huzuia mawimbi, kwa hivyo lazima iwe imewekewa tabaka maalum ndani. Jaribu pande zote mbili kabla ya kulipa.

Mimi nimeshikilia msimbo wa QR, ule mchoro wa mraba wenye vidoti ambao simu inausoma kwa kamera. Si wa kifahari, lakini simu yoyote yenye kamera na programu ya kuskani inausoma. Halafu msimbo huu ulizaliwa kiwandani: kampuni ya Denso Wave ya Japani iliutoa mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, mahali penye mafuta na vumbi. Umeundwa kwa namna kwamba ukichagua kiwango cha juu cha kujirekebisha, takriban asilimia 30 ya mchoro inaweza kuharibika na bado usomeke. Kwa mtu anayefanya kazi kwenye matope ya Kano, hilo si jambo dogo. Lakini ukibandika nembo kubwa katikati, unakula akiba hiyo hiyo.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo pesa za watu hupotea. Kuna QR za aina mbili, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ya kwanza imebeba maelezo yako yenyewe ndani ya mchoro: jina, namba, barua pepe, katika muundo wa vCard ambao simu huutambua kama mtu wa kuwekwa kwenye orodha ya namba. Ya pili imebeba kiungo kifupi tu cha kampuni iliyokutengenezea. Mteja akiskani, anapitia kwao kwanza ndipo aletwe kwako. Faida yake ni kwamba ukibadilisha laini, unarekebisha kwenye mtandao bila kuchapisha upya. Hasara ni kwamba ukiacha kulipa ada, au wao wakifunga duka, kadi zako zote zilizo mifukoni mwa watu zinakufa. Jirani yangu wa vifaa vya ujenzi alichapisha boksi zima za namna hiyo. Ada ilipoisha, wateja wakawa wanafunguliwa tangazo la kampuni iliyomtengenezea QR hizo.

Njia ya kuzitambua ni rahisi. Zima data na waifai, kisha uskani. Jina na namba yako vikitokea, hiyo ni yako milele. Usipoona kitu isipokuwa kiungo kisichofunguka, soma anwani iliyoandikwa. Kama si tovuti yako, umekodisha. Kukodisha si dhambi, ila ujue. Mwenye tovuti yake ya .co.ke anaweza kupata mazuri ya pande zote: QR inaelekeza kwenye ukurasa wake mwenyewe, anaubadilisha apendavyo.

Hiyo ya vCard ina masharti yake. Kadiri unavyoongeza maneno, ndivyo vidoti vinavyojaa na kamera duni inashindwa. Jina, kazi, namba moja au mbili, barua pepe, basi. Picha haitaingia. Andika namba kwa kuanza na +254, kwa sababu afisa wa shirika anaweza kukupigia akiwa Kampala. Rangi iwe nyeusi juu ya nyeupe, na uache ukingo mweupe kuzunguka mchoro. Ukichapisha, kataa karatasi inayong'aa. Juani inarudisha mwanga na kamera haioni kitu.

Jambo ambalo sijaona likisemwa sana ni lile jina lenyewe. Watu wetu hawatafuti fundi kwa jina la ukoo. Pampu ikikwama miezi sita baadaye, mtu anaandika "pampu" au "fundi" kwenye simu yake. Kwa hivyo kwenye sehemu ya jina usiweke jina lako tupu kama la cheti cha kuzaliwa. Weka kazi kwanza, mji, halafu jina: Fundi Pampu Sola Kisumu, kisha la kwako. Mteja akibonyeza kusevu, tayari umeingia mahali atakapokutafuta. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko tofauti zote za bei kati ya kadi na kadi.

QR ya WhatsApp Business nayo usiidharau. Ni ya bure, na mtu akiiskani mazungumzo yanafunguka na ujumbe ulioandaa. Akituma, nawe una namba yake, jambo ambalo vCard haikupi. Naitumia kwenye maonyesho ya kilimo Mamboleo, ambapo watu wanapita haraka na wanataka picha na bei watumiwe baadaye. Kuna kadi nyingine zinazomlazimisha mteja ajaze fomu kabla ya kuona namba yako. Hizo mimi sizitaki. Mtu anaona anafanyiwa upelelezi, anarudisha simu mfukoni. Isitoshe, ukishakusanya maelezo ya watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu, hata kama wewe ni fundi mmoja na pikipiki.

Na yule wa kabambe? Yeye hana cha kuskania. Mpe kadi ya karatasi yenye namba kubwa, au mwambie akubipie hapo hapo uone namba yake. Kadi yangu ina QR upande mmoja na namba tupu upande wa pili, kwa maandishi ambayo mtu anasoma bila miwani.

Lakini kadi inayoniletea kazi nyingi haikai mfukoni. Ni stika ninayobandika kwenye boksi la swichi kila nikimaliza kufunga pampu. Majirani huja kuangalia maji yakitoka, wanauliza nani alifunga, na mwenye shamba anaonyesha kidole. Hapo tumia stika ya plastiki yenye wino wa kustahimili jua, uiweke upande wa kivuli wa boksi, QR iwe na upana wa angalau kiganja cha mtoto, na namba iandikwe chini yake. Weka ile ya vCard, si ya kulipia kila mwaka. Pampu nzuri itakaa pale miaka mingi, na huko shambani mtandao huja na kuondoka.

Kabla ya kuchapisha nyingi, chapisha moja, uende nayo kwa mama mboga aliye karibu nawe mwenye simu ya zamani. Muombe aiskani bila wewe kumsaidia. Akishindwa, irudishe kwa mchapishaji.